Nyimbo za bibi zitanilisha?

SWALI: Shikamoo mama. Niko Ipuli, Tabora, nina miaka 21. Naimba nyimbo za kulimia alizonifundisha bibi. Nasikia vijana wa Uskoti wanaishi kwa nyimbo za kale. Wanawezaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jukwaa peke yake haliwalishi. Wengi hufundisha, huimba harusini, na kila Januari hugombea nafasi kwenye tamasha la Celtic Connections, Glasgow, lililoanza 1994.

Ila nyimbo zenyewe zilitoka kazini, kama zako. Kwenye visiwa vya Hebrides wanawake waliizunguka meza, wakapigapiga kitambaa kibichi cha sufu ili kishikamane; mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, na pigo la kitambaa ndilo ngoma. Jeannie Robertson wa Aberdeen alirithi nyimbo kwa mama yake. Mwaka 1953 mtafiti Hamish Henderson akamfikia na kumrekodi. Uskoti nzima ikamsikia.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta studio, mrekodi bibi kwa simu, beti zote, hata zile unazoona zinajirudia. Muulize nani alikuwa akiongoza na shambani kwa nani. Nakusihi, usingoje msimu ujao. Harusini imba na waitikiaji wako, kinanda kipumzike.