Kompyuta inachelewa kuwaka: fundi anajibu

Nina saiba Kayole. Mashine moja ya ex-UK (iliyotumika kwanza Uingereza) huchukua karibu dakika saba tangu niiwashe hadi mteja afungue eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Watu wameanza kuhamia kwa jirani. Kuna fundi anataka kuniongezea RAM. Nimlipe?

Usimlipe bado, mama. Kesho asubuhi kabla wateja hawajafika, iwashe ukiwa na saa ya simu mkononi, uandike nyakati tatu: tangu ubonyeze swichi hadi vile vidoti vya Windows vianze kuzunguka, kutoka hapo hadi ikuombe paswadi, na kutoka paswadi hadi kivinjari kikubali kufunguka. Hiyo karatasi ndiyo itakayokuonyesha pesa ziende wapi.

Ikikawia kabla ya vidoti, Windows haijaanza kazi, kwa hivyo usihangaike na virusi. Hapo ni bodi kuu ya mashine inajikagua na kutafuta pa kuanzia. Pengine kuna flashi imesahaulika nyuma. Pengine imepangwa itafute mtandao kwanza ndipo irudi kwenye diski. Nyingi za ex-UK zilitoka maofisini, na nimekuta kadhaa bado zina mpango huo. Ingia kwenye mipangilio ya bodi unapowasha, kwa F2, F10 au Del kulingana na kampuni iliyoitengeneza, uweke diski iwe ya kwanza.

Ikikawia baada ya hapo, mimi hushuku diski. Diski ya zamani ni sahani zinazozunguka, nyingi mara 7200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokimbia huku na huku kusoma. Windows inapoamka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kwa kila kimoja ule mkono lazima usogee na kungoja sahani ifike. SSD, diski ya kisasa, haina kinachozunguka wala kinachosogea, ndiyo maana mashine ya miaka kumi ikiwekewa SSD mwenyewe hudhani ni nyingine.

Thibitisha kwa macho yako. Ukishaweka paswadi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, uangalie diski na kumbukumbu (ndiyo RAM). Diski ikikaa asilimia 100 kwa dakika kadhaa ilhali kumbukumbu imefika nusu tu, RAM mpya haitakufaa kitu. Kumbukumbu ikipanda hadi 90, fundi wako amesema kweli. Mashine yenye RAM ya GB 4 mara nyingi huumwa yote mawili. Kama pesa zinatosha moja tu, anza na SSD, kwa sababu kumbukumbu ikijaa Windows huenda kuazima nafasi kwenye diski hiyohiyo.

Kijana aliyenisaidia aliweka antivirasi mbili ili mashine iwe salama zaidi. Tangu hapo nawasha, naenda kuchemsha chai, narudi bado inazunguka. (Kawangware)

Toa moja leo. Zinakagua faili zilezile kwa wakati mmoja na kila moja inaishuku mwenzake. Windows 10 na 11 zina kinga yao tayari, na kwa mtu anayesasisha mashine yake inatosha. Ukiwa hapohapo, fungua Task Manager (Ctrl, Shift na Esc), sehemu ya Startup, uzime yale yanayojianzisha bila kuitwa: programu za simu za video, za muziki, za printa uliyokwisha kuuza. Hayafutiki, yanangoja tu uyafungue mwenyewe.

Stima ilipotea ghafla nikiwa nachapa kazi. Sasa kila nikiwasha inasema inakagua diski, na inachukua nusu saa. Nina faili za wanafunzi wangu humo. (Mwalimu, South B)

Mwalimu, hili usiliahirishe. Stima ikikatika diski ikiwa inaandika, Windows hukagua, na kukagua mara moja ni jambo la kawaida: iache imalize, usiizime katikati. Lakini ikirudia kila siku, kuna uwezekano diski yenyewe inakufa.

Niliwahi kuletewa mashine na mwanafunzi wa chuo iliyokuwa ikimpa onyo hilo kwa wiki mbili. Nilipoiwasha na kuinamisha sikio juu ya kasha, diski ilipiga tik, tik, tik, ikanyamaza, ikaanza tena palepale. Tulipata picha zake na nusu ya mradi wake wa mwaka wa mwisho. Ile nusu nyingine haikusomeka tena, na ilikuwa rahisi kuiokoa ule wakati onyo la kwanza lilipotokea.

Kwa hivyo fuata mpangilio huu. Kwanza nakili faili za wanafunzi kwenye flashi au diski ya nje, zile za muhimu zaidi zikitangulia, na usianze ukarabati wowote kabla ya hapo, maana kukarabati huisugua diski yote. Kisha weka programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Ikikupa rangi ya njano au nyekundu, nunua diski nyingine. Ikiwa buluu, zima mashine, chomoa waya ukutani, ubonyeze vizuri kebo ya data pande zote mbili. Kebo iliyolegea huleta makosa yanayofanana sana na hayo. Ukimaliza yote, tafuta UPS, betri ya akiba ya kompyuta, hata ndogo. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu.

Kila asubuhi inataka nibonyeze F1, na tarehe imerudi miaka ya nyuma. Kisha tovuti zinakataa kufunguka. (Kahawa West)

Batri ya bodi imeisha. Ni duara dogo kama sarafu, limeandikwa CR2032, la volti 3. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe, na kompyuta yako inadhani hazijafika. Kabla ya kuitoa, piga picha mipangilio ya bodi kwa simu, hasa mpangilio wa diski, kwani ukijibadilisha Windows inaweza kukataa kuwaka kabisa. Chomoa waya, bonyeza swichi sekunde chache umeme uishe ndani, kisha weka mpya, alama ya kujumlisha ikitazama juu. Kama unazima ukutani kila usiku, bodi hutegemea batri peke yake hadi asubuhi, na itaisha mapema.

Nikihamia Windows 11 itawaka haraka? (Umoja)

Kwa diski ileile, hapana. Sababu ya kuhama ni nyingine: Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama ndani ya mashine, na, kwa prosesa nyingi za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu, kwa hivyo ex-UK nyingi hazifuzu. Kama kazi yako ni kivinjari na kuandika, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Inawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hivyo unaweza kuipima kabla ya kuamua, ukikumbuka tu kwamba kutoka kwenye flashi itaonekana nzito kuliko itakavyokuwa ikishawekwa.