Bodi ya Shule Ikitaka Kumhamisha Mwanao, Uliza Kwanza Nani Kaamua

Karatasi yenyewe ilikuja imekunjwa mara nne ndani ya daftari la Hisabati la binti yangu. Mistari mitatu tu: wanafunzi wa gredi ya 4 na ya 5 wataripoti shule nyingine kuanzia muhula unaokuja "kutokana na uhaba wa madarasa". Haina tarehe, haina sahihi, na muhuri wa shule umegongwa kichwa chini miguu juu. Mimi ni karani kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, mwaka wa kumi na mbili huu nazungusha makaratasi ya makontena ya watu, na karatasi kama ile bandarini haikutolei hata gunia la mchele. Nikajiuliza: hii kaitoa nani?

Lingekuwa jambo la maana kama ningelifuata swali hilo siku ile ile. Sikulifuata. Nilipoteza wiki mbili nzima nikipiga kelele na wenzangu, na kelele zenyewe nitazieleza, maana zilitugharimu.

Kwa msomaji asiyeishi Kenya: tangu 2023 wanafunzi wa sekondari msingi, ile tunayoiita JSS, wamewekwa ndani ya shule za msingi. Gredi ya 7 iliingia mwaka huo, ya 8 mwaka uliofuata, ya 9 mwaka 2025. Shule zilizozoea darasa la 1 hadi la 8 zikajikuta zina gredi ya 1 hadi ya 9, na hao wakubwa wataka maabara pia. Kwa hivyo bodi yetu haikuzua uhaba wa madarasa. Uhaba ulikuwepo. Tulichogombania ni nani ahame, aende wapi, na nani aliulizwa.

Shule yetu iko upande wa Changamwe, sitaitaja. Ile waliyopangiwa watoto iko ng'ambo ya barabara ya trela. Mtu wa Mombasa akisikia "barabara ya trela" hahitaji kuchorewa ramani.

Sasa hizo kelele. Siku ya tatu baadhi yetu tulifunga lango la shule kwa mnyororo. Mimi nilikuwepo, mnyororo sikuuleta lakini nilishika upande mmoja. Watoto wa gredi ya 9 walikuwa na zoezi la tathmini asubuhi ile, wakabaki nje hadi saa nne. Wazazi wao, ambao wangekuwa wenzetu, wakatugeuka hapo hapo. Bodi nayo ikapata neno la kutuita: wahuni. Polisi walikuja, na mkuu wa kituo alikuwa muungwana kuliko tulivyostahili, alituambia tu, "Nyinyi wazazi, mkitaka kuandamana sheria ipo, lakini lango la shule mnalifungia nani?" Na kweli ipo. Ibara ya 37 ya Katiba yakupa haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka malalamiko kwa wakubwa, na sheria ya mikutano ya hadhara yataka umpelekee mkuu wa kituo cha polisi notisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Sisi hatukuwa tumepeleka hata salamu.

Baada ya aibu ile ndipo nilipoketi mezani nikalifanya jambo hili kama kazi ya ofisini.

Kwanza nilimwuliza mwalimu mkuu, kwa upole, uamuzi umetoka wapi. Akasema ni bodi. Mwenyekiti wa bodi akasema ni maagizo ya ofisi ya elimu. Ofisi ya elimu wakasema wao hawahamishi watoto, waulize bodi. Ukizungushwa hivi usikasirike, andika. Niliandika tarehe, jina la cheo, na maneno aliyosema kila mmoja, na ukurasa ule mmoja ulitusaidia kuliko hotuba zote, kwa sababu ulionyesha kwamba hakuna aliyekuwa tayari kuumiliki uamuzi.

Pili, tukasoma sheria. Wazazi wengi hudhani chama cha wazazi ni hisani ya mwalimu mkuu. Sivyo. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama, kila darasa lina mwakilishi kwenye kamati, na mwenyekiti pamoja na wanakamati wengine wawili huingizwa kwenye bodi. Tukawatafuta watatu wetu. Mmoja alikuwa kahamia Voi tangu mwaka juzi na hakuna aliyejaza nafasi yake. Wa pili hakupata taarifa ya mkutano. Wa tatu alihudhuria, lakini, maskini, alidhani wanajadili uji. Hapo lawama ni yetu. Mikutano ya kuchagua wawakilishi tulikuwa hatuendi, tukisema tuna kazi.

Tatu, barua. Tulimwandikia mwenyekiti wa bodi tukiomba kumbukumbu za mkutano ule na sababu za uamuzi kwa maandishi. Ibara ya 47 inasema mtu akiathirika na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ibara ya 35 yakupa haki ya habari zilizoko mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeweka siku 21 za kujibu. Tuliziandika ibara zote mbili kwa namba, bila vitisho, ukurasa mmoja. Na hapa nasema kama karani: peleka nakala mbili, moja waache nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe mbele ya macho yako. Wakikwambia muhuri umefungiwa kabatini, keti. Nililetewa kiti, nikanunua na karanga, nikakaa saa nzima na nusu, muhuri ukapatikana.

Siku ya 19 kumbukumbu zikaja. Na ndani yake, kifungu cha sita, imeandikwa kwamba pendekezo la kuhamisha madarasa mawili "litajadiliwa zaidi baada ya kushauriana na wazazi". Yaani uamuzi haukuwa umekwisha! Mtu aliuandika kwenye karatasi ya mistari mitatu kabla haujaiva. Tungebaki langoni na mnyororo tusingejua hilo milele.

Kuhusu grupu la WhatsApp nitasema machache. Lilikuwa na watu 163 na picha za maua za asubuhi njema. Tuliacha liendelee na maua yake, tukaunda jingine la watu tisa, mmoja kwa kila gredi, na sharti moja: ujumbe wa sauti usizidi dakika moja. Kazi ya kukusanya sahihi za barua yetu ya pili kwa bodi ilifanyika kwa miguu, nyumba kwa nyumba baada ya isha, kwa kuwa kina mama wengi hawakuogopa bodi, waliogopa mtoto kuandamwa darasani. Hofu hiyo huiondoi kwa ujumbe wa simu. Unaingia, unaamkia, unakunywa chai uliyopewa hata kama ni ya nne jioni ile, unaeleza.

Lakini kilichogeuza mambo ni matembezi.

Tuliwaandikia wanabodi wote mwaliko: asubuhi ya Jumatano, saa kumi na mbili na nusu, njooni tutembee na watoto kutoka langoni petu hadi shule ile. Alikuja mmoja. Mzee mwenye bakora na kofia ya vito, mwakilishi wa wafadhili wa shule. Tulimwamkia, akaitikia, na tulikuwa tumeshaonyana kwamba njiani asisemeshwe habari ya bodi. Tulimpa yeye ndiye ashike saa.

Mpaka barabarani tulitembea vizuri tu. Hapo tukasimama. Trela, trela, tangi la mafuta, matatu inayopita kushoto, na kila penye upenyo bodaboda inachomoka. Mbele yangu alikuwepo kijana mdogo wa gredi ya 4, ameshika mkanda wa begi la dadake, na tairi la trela lililosimama kwenye foleni lilimpita kimo. Alikuwa akizihesabu trela kwa njugu zake, sijui ni mchezo gani, njugu moja kwa kila trela. Njugu ziliisha kabla hatujavuka. Dakika 11 tulisimama pale, na watoto hawakuwa peke yao, tulikuwa watu wazima zaidi ya ishirini tukipunga mikono.

Mzee alimtazama yule mtoto, akalitazama tairi, akatazama saa. Hakutamka neno. Tulipofika lango la shule ya pili akaomba biro, karatasi hakuwa nayo, akajiandikia kiganjani: 54. Dakika hamsini na nne. Watoto wakitoka jioni na kurudi mwendo huo, chuoni, yaani madrasa, hawafiki saa kumi, na mtoto wa kwetu asiyefika chuoni ana kesi mbili, ya maalimu na ya bibi yake. Wazazi Wakristo kwenye kamati ndio waliosisitiza jambo la chuo liandikwe kwenye barua. Mimi nilitaka kuliacha, nikiogopa litaonekana la dini.

Kuna jambo la matembezi yale ambalo hatukulipanga. Tukiwa pale langoni, wazazi wa shule ile walitutazama kama wavamizi, na walikuwa na haki. Hatukuwahi kuwauliza chochote. Mama mmoja anayeuza viazi karai nje ya ukuta akanivuta kando: "Dada, mwatuletea watoto mia na kitu, na hapa vyoo vinavyofanya kazi ni vinne?" Nikaona uso wangu unawaka. Maana kwenye rasimu ya kwanza ya barua yetu kulikuwa na sentensi inayosema hatutaki watoto wetu "wakachanganyike na watoto wa upande ule". Tuliicheka, tukaipitisha, na mimi ndiye niliyeipiga chapa. Jioni ile nikaifuta, na mzazi mmoja wetu alijitoa kwenye kamati kwa sababu ya kufutwa kwake. Aende. Ukipigania mtoto wako kwa kumtukana mtoto wa mwenzio, bodi itakushinda na itakuwa na haki ya kukushinda. Barua ya mwisho ilitiwa sahihi na wazazi wa shule zote mbili, na ilianza na vyoo.

Wanasiasa walikuja, bila shaka. Mmoja alitaka kuchapisha fulana. Tulimshukuru, tukamwambia akitaka kusaidia alete matofali. Hatujamwona tena.

Na walimu, tafadhali, msiwafanye maadui. Mwalimu mkuu wetu tulimzomea lile juma la kwanza, kisha yeye ndiye aliyenifungulia rejesta nikaona kwa macho yangu darasa la watoto 78. Alikuwa akililia madarasa muda mrefu na hakuna mzazi aliyemsikia mpaka lilipomgusa mwanawe.

Mkutano na bodi ulichukua saa tatu. Tulizungumza watu wanne tu, kila mmoja na jambo lake: mmoja sheria, mmoja barabara, mmoja kutoka shule ya pili, na mmoja alikuja na pendekezo, kwa sababu ukienda kusema hapana tu utaulizwa "sasa tufanyeje?" na utabaki unakodoa macho. Pendekezo letu lilikuwa kuugawa ukumbi kwa mbao ili upatikane nafasi ya madarasa mawili. Fundi seremala mmoja, mzazi wa gredi ya 2, alikwishapima. Tulipomaliza, yule mzee akaomba nafasi. Alisema, "Mimi nilitembea. Ni dakika hamsini na nne," akaketi.

Tulikuwa na hatua nyingine mfukoni. Bodi ya Elimu ya Kaunti tulishaipelekea nakala, na sheria ile ile ya 2013 inaruhusu kukata rufaa kwenye mahakama maalumu ya elimu mtu akinyimwa haki na bodi ya kaunti. Hatukufika huko, na nashukuru, kwa kuwa hela za nauli tu zilikuwa zimetutoa jasho.

Hatukushinda chote. Ukumbi ulitosha darasa moja, si mawili, kwa kuwa upande wa jukwaa unavuja. Gredi ya 4 ikabaki. Gredi ya 5 ikahama, lakini ikasogezwa muhula mmoja mbele hadi vyoo vitatu vipya vilipokwisha kule, na kwa sharti kwamba watoto wasivuke peke yao. Binti yangu yuko gredi ya 5. Mwezi wa kwanza hakutaka kusema nami asubuhi, kwa kuwa wadogo wa jirani walibaki na yeye, mwenye mama wa barua, akahama. Siku hizi hurudi na hadithi za rafiki yake wa huko, binti wa yule mama wa viazi karai, na mfukoni ana vipande vimefungwa kwenye gazeti.

Wazazi tuna zamu ya kuvusha. Orodha imebandikwa kwenye duka la pale kona, na kila anayevusha anatia sahihi kwa tarehe, hilo nililishurutisha mimi. Tumenunua vizibao viwili vya rangi ya chungwa, na kimoja kimeshapasuka bega. Zamu yangu ni Jumanne na Alhamisi.