James Hadley Chase hakuwa Mmarekani

Kama unadhani James Hadley Chase, mwandishi wa riwaya za uhalifu, alikuwa Mmarekani aliyewahi kuwa polisi huko Marekani, hapana, hakuwa. Alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa London mwaka wa 1906, jina lake halisi René Raymond. Kabla ya kuandika alifanya kazi ya kuuza vitabu, akaona jinsi wasomaji walivyozigombania hadithi za majambazi wa Marekani. Basi akaandika yake, ikatoka 1939, naye akiwa Uingereza na ramani, ensaiklopidia na kamusi ya lugha ya mitaani. Hebu fikiria, miji ile yote ya Marekani tuliyoijua kupitia riwaya zake aliichora kutoka kwenye ramani! Baadaye alifika Miami na New Orleans, lakini kwa ziara fupi tu. Alifariki Uswisi mwaka wa 1985.

Nimemsoma tangu sekondari, nikinunua nakala zilizochakaa kwa wauza vitabu vya mitumba hapa tauni. Ila angalia: ukikuta kitabu cha zamani kimeandikwa Raymond Marshall, usikiache ukidhani ni mtu mwingine. Ni yeye huyo huyo, lilikuwa jina lake jingine la uandishi.