Barua kwa mwanangu: Ile Altezza ya milioni 9

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Huku nyumbani wote wazima, na mama yako anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza gari la mbio la zamani linapatikanaje kwa bei nzuri, na kama ile Altezza ya 2001 uliyoonyeshwa Sinza kwa milioni 9 ni ya kuchangamkia kabla haijachukuliwa. Nimefurahi kwamba umeipenda Altezza. Ni gari la dereva hasa: matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, usukani haukudanganyi, na Toyota walipoitoa mwaka 1998 ilichukua tuzo ya gari bora la mwaka huko Japani. Ila usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Altezza za kawaida ziko za aina mbili, na kwenye matangazo karibu zote huitwa RS200. RS200 ya kweli ina injini ya 3S-GE, silinda 4, na ikiwa ya manyuo, yaani ya kubadili gia kwa mkono, ina gia 6 na nguvu ya farasi 210. AS200 ina injini ya 1G-FE ya silinda 6, ni tulivu na haina zile mbio. Usibishane na dalali. Fungua boneti, tafuta namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati nyuma ya injini. Ikianza na SXE10 ni RS200, ikianza na GXE10 ni AS200. Kisha linganisha namba ya injini na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, maana nyingi zimeshabadilishwa injini. AS200 si gari baya, mwanangu, ila usiilipie bei ya RS200.

Sasa hili la namba ya usajili na herufi yake ya kwanza. Dalali atakwambia "hii ni namba D, dada, bado mbichi." Herufi hiyo inakuonyesha gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, haikuonyeshi lilitengenezwa lini wala lilitunzwaje. Ni kweli namba D limekula vumbi letu kwa miaka michache kuliko namba B. Lakini watu wanalipia herufi mno, na hapo ndipo penye nafasi yako. Altezza ya namba B iliyokaa kwa mtu mmoja, springi za kiwandani, ekzosi ya kiwandani, risiti za sevisi zipo, mimi nitaichukua mbele ya namba D iliyopita kwa vijana watatu wanaoshindana usiku. Gari la mbio la zamani huharibiwa na kuchokonolewa kuliko na umri. Ukikuta springi zimekatwa ili gari lilale chini, shukuru kwa muda wao, ondoka. Boli jointi za chini za Altezza, vile viungo vinavyoshikilia tairi la mbele, hazitaki mateso hayo, na ikichomoka ukiwa kwenye mwendo, tairi linalala ubavuni.

Kuagiza Japani nako nimekufikiria. Altezza ziliacha kutengenezwa mwaka 2005, kwa hiyo yoyote utakayoleta inaangukia kwenye ushuru wa ziada wa uchakavu. Tena TRA wanakadiria kodi kwa thamani iliyo kwenye mfumo wao, hivyo hata ukinunua kwa bei ya kutupa mnadani, bandarini haikusaidii. Piga hesabu kwenye kikokotoo chao kabla ya kutuma hela. Na ukiagiza, dai karatasi ya mnada inayoeleza hali ya gari. Daraja la 4 ni zuri. Ukiona R au RA, gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Skyline GT-R na Supra zisahau kabisa: Marekani gari likitimiza miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila vikwazo vyao vya kawaida, na matajiri wa huko wamezipandisha bei mpaka hazishikiki.

Kwa hiyo tafuta humu humu nchini, na utafute Januari. Ada za shule zinawabana watu, na gari la starehe ndilo la kwanza kuuzwa. Mfikie mwenye gari mwenyewe, maana dalali ana cha juu chake.

Siku ya kwenda kuliona, nenda asubuhi na umwambie mwenye gari asiliwashe. Ukifika, jambo la kwanza weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, ameshaipasha ili usisikie kitu, na hapo una haki ya kurudi siku nyingine. Ikiwa baridi, mwambie awashe, wewe simama mbele usikilize. RS200 yenye VVT-i iliyochoka, yaani mfumo unaopanga muda wa valvu kufunguka, hulia kama karanga kwenye kikaango sekunde za kwanza, kisha inanyamaza. Huo mlio ni pesa nyingi. Wauza spea watakwambia 3S ni 3S tu, lakini hii si ile 3S-FE ya RAV4 au Noah za zamani, silinda hedi yake ni nyingine kabisa. Pita kwanza Gerezani na Ilala uulize bei za vifaa vyake, ndiyo ujue milioni 9 itakuwa ngapi.

Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Fungua kifuniko cha kuwekea oili: ukikuta utelezi mweupe kama wa maziwa, huenda maji yanaingia, usiendelee. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na uone risiti, si maneno. Ukikatika kwenye injini hii, valvu na pistoni zinakutana. Pitisha sumaku kwenye milango na mafenda, isiponasa kuna puti iliyofunika bati. Angalia pia kama gari linadaiwa faini za trafiki, kwa namba yake ya usajili.

Milioni 9 kwa RS200 ya manyuo iliyo safi ni bei njema. Kwa AS200 iliyochokonolewa, hata 6 ni nyingi. Kwenye milioni 12 ulizonazo, tatu zisiguswe, ni za mkanda, matairi, breki, kuhamisha umiliki na bima.

Nitumie picha ya namba ya chasisi na ya kadi, pande zote mbili. Zikilingana, nitamuomba mwenye gari tukutane Jumamosi, saa moja asubuhi, na nitakuja na jeki yangu.

Baba yako