Kumfungia mbwa chumbani siku ya sikukuu si ukatili, ila chumba hicho kiandae mapema

Dada, umeuliza kama ni ukatili kumfungia mbwa wako wa miezi 8 chumbani siku ya sikukuu, nyumba ikiwa imejaa wageni na fataki zikilia nje, na umfanyeje yule paka anayerukia kila kinachoning'inia. Naona wengi wamekujibu "waache tu, watazoea." Naomba niwapinge. Nimefuga mbwa na paka pamoja kwa miaka 11. Mara mbili tu nimewahi kukimbilia kwa daktari wa mifugo usiku, na zote mbili zilikuwa siku za sikukuu.

Nianze na paka, kwa sababu lake ndilo lililoniuma zaidi. Tulifungua zawadi, nyuzi na tepe zikabaki sakafuni, nikasema nitafagia kesho. Kesho yake paka hakugusa chakula. Nikadhani ameshiba makombo ya usiku. Jioni akatapika povu, akaingia chini ya kitanda akajikunyata. Siku ya pili nikaona uzi unachungulia chini ya mkia wake, urefu wa kidole hivi. Nikaushika. Nilikuwa nauvuta kabisa, shemeji yangu aliyewahi kufanya kazi kwa daktari wa mifugo akapiga kelele: "Usivute!"

Alinieleza njiani. Uzi mrefu ukimezwa, mara nyingi ncha moja hunasa mahali, labda chini ya ulimi au pale tumbo linapoingilia utumbo. Utumbo unaendelea kusukuma, uzi hauendi, basi utumbo wenyewe unajikusanya juu ya uzi kama mdomo wa mfuko wa kamba unapokazwa. Ukivuta, uzi uliokaza unaweza kuukata utumbo kwa ndani. Paka wangu alipasuliwa usiku ule, na daktari alilazimika kufungua utumbo sehemu tatu kuutoa uzi wote. Alipona. Lakini nilimpotezea siku nzima nikisubiri, na siku ile ingeweza kumuua. Ukiona uzi umetokeza mdomoni au nyuma, usivute, usikate, mpeleke. Na zawadi zifunguliwe mfuko wa taka ukiwa pembeni, kila utepe uingie humo papo hapo.

Sasa chumba. Mbwa anasikia sauti nyembamba kufika mitetemo kama 45,000 kwa sekunde, sisi tunaishia 20,000. Paka anasikia hata zaidi ya mbwa. Fataki moja kwao ni kishindo pamoja na miluzi ambayo wewe huisikii kabisa, tena hawajui inatoka wapi wala itakoma lini. Kumwacha katikati ya hayo ili "azoee" hakumzoeshi. Mbwa wengi huzidi kuogopa mwaka hadi mwaka.

Kinachofanya chumba kiwe kifungo ni kumsukumia humo siku yenyewe, wakati tayari anatetemeka. Anza leo. Mpe chakula chake humo kwa wiki moja au mbili, mwachie kitu cha kutafuna, kaa naye kidogo ukisoma, mlango ukiwa wazi. Kisha urudishe kwa dakika chache, uongeze polepole. Chagua chumba kilicho mbali na barabara, shusha mapazia, washa redio kwa sauti ya kawaida, tandika kitanda chake na nguo uliyokwisha kuivaa. Paka mpe chumba chake na sanduku la mchanga, pamoja na boksi la kujificha. Usimtoe mafichoni. Pale ndipo anapojisikia salama.

Mlango funga kwa ufunguo, ufunguo ukae mfukoni mwako. Karatasi ya "usifungue" haitoshi, maana mtoto wa mgeni ataufungua kwa upendo kabisa akitaka kumwona mbwa. Mtembeze mapema kabla giza halijaingia, akiwa kwenye kamba, hata kama siku zote humwachia. Mbwa aliyeshtuka huruka ukuta ambao hajawahi hata kuukaribia. Mvalishe mkanda wa shingoni wenye namba yako ya simu. Kama ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, hakikisha namba iliyoandikishwa bado ndiyo unayoitumia.

Kuna aliyesema humu kwamba ukimbembeleza mbwa anayeogopa unamfundisha uoga. Si kweli. Hofu haizidi kwa sababu umemwekea mkono mgongoni. Akikufuata, kaa naye.

Kama unajua anaogopa kupita kiasi, zungumza na daktari siku kadhaa kabla, maana dawa inafaa ijaribiwe siku tulivu kwanza. Na umuulize wazi: dawa hii inapunguza hofu yenyewe, au inamlegeza mwili tu? Ziko za aina hiyo ya pili. Mbwa analala kimya, wewe unafurahi, kumbe anasikia kila kitu na hawezi hata kukimbia. Vidonge vya binadamu usiguse. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka.

Safari yangu ya pili ya usiku ilikuwa ya mbwa. Mgeni wetu mmoja, mtu mzima anayependa wanyama kuliko sisi sote, alimpitishia chini ya meza kipande kikubwa cha keki. Keki ilikuwa na zabibu kavu. Nilijua kwa bahati tu, aliponiambia jinsi mbwa alivyoifurahia. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuziua figo za mbwa, na hakuna kipimo cha kusema hizi ni chache, hazina neno. Nilipiga simu saa ile ile. Niliulizwa amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, ana uzito gani. Alichomwa sindano ya kumtapisha, akawekewa dripu, figo zikapimwa siku mbili mfululizo. Hakuumwa hata kidogo, na sababu ni kwamba hatukusubiri dalili. Dalili za figo huja baada ya siku moja au zaidi, sumu ikiwa imekwisha kufanya kazi yake. Nyumbani usimtapishe kwa maji ya chumvi, chumvi nyingi nayo ni sumu.

Vingine vya hatari nitavitaja tu: chokoleti, hasa ile nyeusi, vitunguu maji na saumu, hata vilivyopikwa, mifupa iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha, mafuta ya nyama, yanayoweza kuvimbisha kongosho, pipi na jojo zisizo na sukari zenye zailitoli (kitamu kinachowekwa badala ya sukari), inayoshusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya saa moja, betri ndogo za mviringo. Kwa paka, maua ya yungiyungi (lily) yasiingie ndani kabisa. Chavua tu aliyoilamba kwenye manyoya yake inaweza kumharibu figo.

Wageni huwezi kuwazuia wasitoe. Mimi huweka bakuli la chakula cha mbwa mwenyewe karibu na mlango na kuwaambia wakiingia: ukitaka kumpa kitu, chukua humu. Wanafurahi, naye anafurahi.

Jambo moja lifanye leo hii: tafuta daktari atakayekuwa kazini usiku wa sikukuu, umpigie uhakikishe, namba uibandike jikoni. Usiku ule wa uzi nilikuta milango miwili imefungwa kabla ya kupata wa tatu, paka akiwa mapajani kwa shemeji.