Mteja anataka "Staunton": nikereze vipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo ya kukereza hapa Morogoro. Mwezi uliopita mteja aliniagiza seti ya sataranji, kete nyeusi za mpingo na nyeupe za mchungwa. Niliifanya kwa moyo wote: kila kete nikaitia pete na nakshi, mfalme nikampa sentimita 14. Akaishika dakika tano, akairudisha. Anasema hilo ni pambo la kabatini, yeye anataka "Staunton" ya kuchezea. Huyo Staunton ni nani, na vipimo vyake vikoje?

JIBU: Marahaba. Pole kwa kazi kurudi, maana mpingo hauokotwi. Ila mteja wako ana haki. Kete zako huenda zinapendeza ukizitazama moja moja; zikikaa zote 32 ubaoni, hazisomeki.

Shida hiyo ni kongwe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza walikuwa na mitindo kadhaa. Ule wa Barleycorn ulikuwa na tumbo nene lililochongwa majani. Wa St George ulikuwa kama visahani vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Wafaransa nao walikuwa na Régence, mrefu na mwembamba, jina lake likitoka kwenye mkahawa wa Café de la Régence mjini Paris, kijiwe cha wachezaji. Yote kazi safi za mashine. Lakini malkia anapofanana na mfalme, na askofu anapofanana na malkia, mgeni anafungwa kwa kukosea kete tu. Na zile ndefu, mkono wa koti ukipita karibu, chali.

Tarehe 1 Machi 1849 Nathaniel Cooke akasajili muundo mpya jijini London. Kazi ya kuutengeneza ikawa ya John Jaques, na Septemba mwaka huohuo seti zikaingia sokoni. Howard Staunton mwenyewe hakukereza hata askari mmoja. Yeye alikuwa mchezaji: mwaka 1843 alimshinda Mfaransa Saint-Amant kulekule Paris, na alikuwa na safu ya sataranji katika gazeti la Illustrated London News. Akazipigia debe, saini yake ikabandikwa kwenye maboksi, jina likaganda. Cooke aliyesajili humsikii kabisa. Nami nikiitazama kazi yenyewe naona mkono wa mkerezaji kuliko wa mchoraji, kwa sababu karibu kila kitu kinatoka kwenye mashine kikiwa kimekwisha.

Chukua kete moja uitazame kutoka chini. Kitako kipana, halafu mwili unapanda ukijibana taratibu kama shingo ya mtungi, halafu pete, halafu kichwa. Mwili ni uleule kwa mfalme, malkia na askofu, kinachopungua ni urefu na unene. Utambulisho wote uko kichwani: msalaba kwa mfalme, taji la meno kwa malkia, kofia yenye mkato kwa askofu, ukuta wenye mapengo kwa ngome, tufe tupu kwa askari. Nakshi uliyoitia shingoni ndiyo iliyokuponza, maana inalivuta jicho mbali na kichwa. Jaribu hivi: usiku weka kete mbele ya taa, utazame kivuli chake ukutani. Kama kivuli peke yake hakikuambii ni nani, rudi kwenye mashine.

Ule mkato wa askofu una kisa. Katika sataranji ya Waarabu na Waajemi kete hiyo ilikuwa ndovu, na kwa kuwa hawakuchonga sura, pembe zake zilionyeshwa kwa vinundu viwili tu juu. Waingereza walipoviona vinundu hivyo wakasoma kofia ya askofu. Wafaransa wakasoma kofia ya mchekeshaji wa mfalme, na hadi leo wanamwita hivyo.

Sasa farasi. Huyu hakerezwi ila kitako chake, na ndiye atakayekula muda wako. Kwangu kete 28 nyingine huchukua siku mbili, farasi wanne peke yao siku tatu. Huelezwa kwamba mfano wake ni kichwa cha farasi wa Selene, mungu wa mwezi wa Wagiriki, kilichotoka hekalu la Parthenon na ambacho kimo katika British Museum pamoja na mawe mengine aliyoyachukua Lord Elgin. Tafuta picha yake kabla hujashika patasi. Ni farasi aliyekokota gari la mwezi usiku kucha: jicho limetoka, pua zimepanuka, taya limeachia. Usimchonge mzuri mno. Farasi wa Staunton akiwa mtulivu anageuka punda.

Mbao yake isimamishe nyuzi kutoka kitakoni kwenda masikioni. Hapo pua itabaki dhaifu, kwa hiyo pua ichongwe mwisho, kwa tupa na msasa, bila kulazimisha. Niliwahi kumvunja mmoja saa tano usiku akiwa amebakiza msasa tu. Gundi huficha, ila mteja akimwinua kwa pua, na wengi humwinua kwa pua, siri inafichuka.

Vipimo fuata vya FIDE, shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924, ambalo linapendekeza mtindo huu. Mfalme sentimita 9.5, malkia 8.5, askofu 7, farasi 6, ngome 5.5, askari 5. Kipenyo cha kitako kiwe kati ya asilimia 40 na 50 ya urefu, yaani mfalme wako akae kwenye sentimita 4 na kidogo. Vyumba vya ubao viwe na upande wa sentimita 5 hadi 6. Kuhakiki, panga askari wanne ndani ya chumba kimoja: wakae wote, wakigusana, bila kuvuka mstari.

Uzito ndio unaosahaulika. Mpingo huzama majini. Mchungwa ni mwepesi zaidi. Ukitoboa matundu sawa na kujaza sawa, weusi watakuwa mawe na weupe watakuwa maganda. Kwa hiyo pima kwa mizani jozi kwa jozi, mfalme kwa mfalme, na weupe uwape tundu kubwa kidogo. Wazee walitumia risasi. Usiyeyushe risasi ukaimimina kwenye mbao: unyevu uliomo hugeuka mvuke na risasi hukurukia usoni. Tumia vipande vya chuma na gundi ya kuchanganya, ukiacha nafasi kidogo pembeni, kwa kuwa mbao husinyaa na chuma hakisinyai. Pasipo nafasi kitako kitapasuka. Kisha funika kwa kitambaa kizito. Na vaa barakoa, vumbi la mpingo linawasha kifua.

Seti iliyorudi usiitupe. Mfalme wa sentimita 14 ana mbao ya kutosha kumrudisha mashineni akatoka na 9.5, ikiwa kitako chake hakijapungua sentimita 4. Malkia na maaskofu vivyo hivyo, kila mmoja kwa kipimo chake. Askari ndio wa kuwatilia shaka: wakiwa na kitako chini ya sentimita 2.5, anza wapya.