Sweta linanichoma, na baridi ndiyo hiyo

SWALI: Naishi Uyole, Mbeya. Nina maumivu ya mwili ya muda mrefu na ngozi yangu haivumilii sweta. Juni hii nivae nini?

JIBU: Pole sana, dada. Kinachochoma ni nyuzi nene za sufu; ncha zake hudunga ngozi. Tanguliza fulana ya pamba ya mikono mirefu, uivae nje ndani ili mishono isikuguse, ndipo sweta. Mitumba ya soko la Mwanjelwa, hapo Mbeya, inafaa, maana imeshafuliwa ikalainika. Ijaribu shingoni, kiganja ni kigumu, kitakudanganya. Lebo usiikate kwa mkasi, kipande kinachobaki hukwaruza: fumua uzi wake. Fua kabla ya kuvaa, suuza mara 3, kwani mabaki ya sabuni huwasha. Kiunoni, kamba ni bora kuliko lastiki.